Beti za Fisi Mweupe

Mapanki yana harufu yake. Wenzangu mliokulia Nyakato hamhitaji kuelezwa, ila kwa asiyejua: ni mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kuondolewa, kichwa na uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania, na wanawake wa mtaani huichukua na kuikaanga kwenye karai mpaka iwe ya kahawia. Harufu hiyo huingia kwenye nywele, kwenye madaftari, kwenye sare ya shule iliyoanikwa jirani na jiko. Wiki iliyopita nilikuwa natoka kazini, nikakata njia ya ndani, nikaisikia ikitoka nyuma ya nyumba nisiyoijua, na miguu ikagoma. Nilikuwa nimechoka, kazi yangu inachosha, lakini huu haukuwa uchovu wa kazi. Nilisimama pale nikakumbuka simu moja yenye kioo kilichopasuka, iliyokuwa inanuka hivyo hivyo, na mtu aliyenipa.

Nililelewa na shangazi, dada yake baba. Wazazi wangu walipoachana, baba alikwenda machimboni na hakurudi kwa wakati aliosema, mama akaolewa tena huko Misungwi, na mimi nikaletwa Nyakato nikiwa na begi la nguo na yunifomu ya shule isiyokuwa ya shule niliyokuwa naenda. Shangazi alikuwa mjane. Alikuwa na mtoto mmoja, Maduhu, aliyenizidi miaka minne, na karai moja kubwa lililowalisha wote wawili kabla sijafika. Baada ya kufika likatulisha watatu. Hakuwahi kuninyima chakula wala kunipiga bila sababu, na ninataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Ila siku moja nikiwa nafua, nilimsikia akiongea na jirani ng'ambo ya ukuta wa mabati. Jirani alimuuliza atanilea mpaka lini. Shangazi akasema maisha ni magumu, angeweza hata kunirudisha kwa mama yangu, lakini basi, mtoto mwenyewe hasumbui. Nilikuwa darasa la sita. Nililichukua neno hilo nikalifanya kazi yangu. Nilipiga goti kusalimia kila mtu mzima aliyeingia uani, hata wale vijana wa kupakia mkaa ambao walicheka na kuniambia niinuke. Sikuomba kitu. Sikulia mbele ya watu. Mtaa mzima ulisema Kabula ana adabu, na mimi niliposikia hivyo nilihesabu kwamba nimepata muda mwingine wa kukaa.

Maduhu alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama mara moja moja; alikuwa anakwama mpaka mishipa ya shingo inatokeza, macho yanafumba, na aliyekuwa anamsikiliza anaanza kuangalia pembeni. Dukani alikuwa anaonyesha kitu kwa kidole. Shuleni, alinisimulia mwenyewe siku moja akichukua muda wake, walimu walikuwa wakiuliza maswali kwa kufuata mstari wa madawati, wakifika kwake wanamruka kwa huruma. Alikuwa kidato cha tatu na alikuwa anajua majibu. Pamoja na yote hayo, hapakuwa na mtu mpole kuliko yeye katika nyumba ile. Ni yeye aliyekuwa ananiachia kichwa cha sangara chenye nyama ya shavuni, na kama shangazi angeuliza kimekwenda wapi, alikuwa anajionyesha kifuani.

Alipata simu yake kwa fundi mmoja aliyekuwa anamsaidia kazi siku za Jumamosi, na baadaye akapata ya pili, ile ya kioo kilichopasuka, akanipa mimi. Alinipa kwa sababu alitaka nione kitu. Kulikuwa na mchezo wa kujenga boma: unaweka ukuta, unafunza askari, halafu unakwenda kuvunja boma la mwenzako aliye mahali usipopajua. Watu thelathini mnaungana kundi moja mkapigana na kundi jingine, na pembeni ya mchezo kuna mahali pa kuandikiana. Maduhu alikuwa kiongozi wa kundi lao, na kundi lilijiita Manju wa Ziwa. Nilikaa kwenye kindoo nilichogeuza, shangazi akiwa mbele ya nyumba na wateja wake wa jioni, nikasoma jinsi binamu yangu anavyoandika.

Sikuamini. Alikuwa anaandika sentensi ndefu, zilizonyooka, za mtu anayejua anachotaka. Aliwapanga watu: wewe ingia kushoto, wewe subiri, wewe leo pumzika nimeona umechoka. Walimwita Mzee. Kulikuwa na mtu mmoja wa Bukoba, mwenye mke na watoto, aliyekuwa anamuuliza habari za ugomvi na mkewe, na Maduhu akamjibu kwa upole kwamba aanze yeye kunyamaza. Asubuhi wale watu wazima walikuwa wanaandika, Shikamoo Mzee, na binamu yangu wa miaka kumi na sita, akiwa na uji mdomoni, anajibu Marahaba. Tulicheka mpaka shangazi akaja kuuliza tunacheka nini. Maduhu akaonyesha ukutani kama vile kuna mjusi.

Nami nikachagua jina. Nilijiita Fisi Mweupe, sijui kwa nini, na kila mtu mle ndani akadhani ni mwanaume. Maduhu akanitambulisha kwamba ni jamaa yake, mtunzi wa nyimbo.

Hapo inabidi niseme habari za babu. Baba yangu na shangazi walizaliwa kwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake. Kila likizo ya mwezi wa sita, mavuno yakiisha, mimi na Maduhu tulikuwa tunapelekwa Misungwi kumwona. Wasukuma wenzangu mnajua ngoma zile zinavyokuwa: pande mbili zinacheza uwanja mmoja, saa ile ile, na watu wanahama kutoka upande huu kwenda upande ule kufuata kinachowafurahisha. Kwa hiyo manju hana budi kumchafua manju mwenzake. Babu alikuwa mtu wa majivuno, alikuwa na kofia tatu na kioo cha kujitazamia mfukoni, na matusi yake yalikuwa yametengenezwa vizuri. Alimwimba mpinzani wake, mzee mmoja aliyeitwa Lutema, jicho lake lililolegea, ng'ombe wake wanaoegemea uzio ili wasianguke, mke wake anayemficha wageni wakija. Lutema naye alimjibu, mstari kwa mstari, na watu walianguka kwa kicheko. Jua likishuka nilikuwa nawaona wawili hao wamekaa kwenye gogo moja wakinywea chombo kimoja. Babu alitueleza kwamba aliyeimbwa hana haki ya kukasirika. Ngoma ikiisha, imeisha. Lutema alipofariki, babu alilia kuliko watoto wa marehemu.

Sasa mtoto aliyekulia hapo, ukimpa simu na kundi linaloitwa Manju, atafanya nini? Nilianza kutunga. Kundi la kina nani sijui lilipotushambulia na kushindwa, niliwaandikia ubeti kuhusu ukuta wao uliojengwa kwa ugali wa jana. Watu wakafurahi. Wakaandika, Fisi, ongeza. Nikaongeza. Kila siku baada ya shule nilikuwa na ubeti, kwa maadui, na baada ya muda kwa wenzetu waliozembea pia, na Maduhu kule upande wa pili wa ua alikuwa akitikisa mabega kwa kicheko. Mimi niliyekuwa siombi hata chumvi mezani, watu thelathini walikuwa wananisubiri nifungue mdomo.

Nitasema ukweli, nilikuwa nasikia raha isiyo ya kawaida. Nilikuwa natafuta kwa mtu pale palipo na udhaifu, na nilikuwa napapata upesi, na nikishapapata vidole vilikuwa vinaandika vyenyewe. Kisha shangazi ananiita, naweka simu chini, nakwenda kupiga goti kwa mgeni. Jirani yetu, yule wa ng'ambo ya mabati, alikuwa mlokole, na alikuwa anafundisha kwamba simu za kisasa zinaingiza mapepo majumbani. Mimi nikaona hilo linaeleza kila kitu. Kumbe si mimi. Kuna kitu kinaitwa Fisi Mweupe, kinaishi ndani ya simu ile iliyopasuka, na nikiishika kinanitumia mikono. Jioni moja niliiweka simu chini ya Biblia ya shangazi, nikaiacha humo mpaka asubuhi, nikitegemea kuikuta imezimika au imetulia. Niliikuta ina chaji ya kutosha na ujumbe kumi na tisa.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, hilo nalikumbuka kwa sababu Alhamisi ndiyo siku mapanki yalikuwa yanakuja mengi. Shangazi alikwenda kumfuatilia mteja, akamwachia Maduhu karai na mimi akanituma sokoni. Maduhu alikuwa na vita. Manju wa Ziwa walikuwa wanapigana na kundi lililokuwa limewashinda mara mbili, na yeye alikuwa amejikunyata karibu na jiko, simu mkononi. Nilirudi na mfuko wa vitunguu nikakuta moshi. Mafuta yalikuwa meusi, mapanki ya siku nzima yamekuwa mkaa, na Maduhu ndiyo kwanza anainuka. Nikalikimbilia karai nikalitoa motoni. Shangazi aliingia wakati huo huo, akanikuta mimi nimeshika karai.

Hakupiga kelele. Shangazi akikasirika sauti yake ilikuwa inashuka. Aliniambia amechoka, amebeba mzigo usio wake, na kwamba mwisho wa mwezi nijiandae, atanipeleka Misungwi kwa mama yangu, akanilee yeye na huyo mume wake. Nilimwangalia Maduhu. Alikuwa amesimama, midomo imebanana, anasukuma, shingo imevimba. "M... m... m..." Shangazi hakusubiri. Aligeuka akaingia ndani, na mlango ukafungwa, na Maduhu bado alikuwa kwenye herufi ile ile.

Mimi niliona uongo. Niliona mtu ambaye nusu saa iliyopita alikuwa anawaamuru watu thelathini kwa maneno yaliyonyooka, na sasa anajificha nyuma ya kigugumizi chake ili mimi nibebe kosa lake. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikakaa nikafikiri ni neno gani linaloanza hivyo ambalo mtu angelisema wakati ule, akiwa ametazama karai, mkono kifuani. Alikuwa anasema mimi.

Nilikwenda nyuma ya choo na simu yangu. Vita tulikuwa tumeshindwa, kwa sababu Mzee aliacha watu katikati mapanki yalipoungua, na kundi lilikuwa linanung'unika, wanauliza Mzee yuko wapi, kwa nini hakuaga. Hawakuwa wamekasirika sana. Wangesahau kesho yake. Fisi Mweupe akaandika:

Mzee wetu ulimi wake kamba fupi,
ukimuuliza jina, funga ng'ombe wako usubiri;
akianza alfajiri kukuita uje,
oga, kula, lala, jioni utaisikia "je".

Na chini yake, kwa maneno ya kawaida, kwamba huyo si mzee wala nini, ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, ana kigugumizi cha kushindwa kununua kiberiti, na anauza mapanki na mama yake.

Kisha yule wa Bukoba, yule aliyekuwa anaomba ushauri, ndiye aliyeanza. Aliandika, Shi-shi-shikamoo M-m-mzee. Wakafuata wote. Kila mmoja alitaka yake iwe na vikwazo vingi zaidi ya mwenzake. Nilichungulia kutoka nyuma ya choo, nikamwona Maduhu amekaa kwenye kile kindoo changu, anasoma. Aliinua uso akanitafuta kwa macho, akanipata. Akacheka. Mabega yalitikisika kama siku zote. Kwenye simu akaandika, Hahaha, umenipata.

Basi nikajua ni ngoma. Nikajua hakukasirika, na nikawa nasubiri jibu lake, kwa sababu ndivyo inavyokuwa: aliyeimbwa anaimba. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari, hata nilikuwa nimeshafikiri ataanza na nini, na mimi nitamjibu nini. Nilisubiri kesho yake, na kesho kutwa. Aliingia mara mbili kupanga vita, na kila alichoandika walikirudisha kikiwa kimekatwakatwa. Ki-ki-kiongozi a-a-anasema. Mahali pekee duniani ambapo Maduhu hakuwa na kigugumizi, sasa alikuwa nacho. Siku ya tatu alitoka kwenye kundi bila kuandika neno, na uongozi ukanijia mimi.

Niliongoza kama wiki mbili tatu. Hakukuwa na vita tena, kulikuwa na kutukanana tu, na watu wakaondoka mmoja mmoja mpaka tukabaki sita. Sikujua kupanga. Sikujua nani amechoka.

Nyumbani Maduhu alinyamaza. Hakununa, alinyamaza. Kabla ya hapo alikuwa anajaribu, anakwama, anafika. Sasa hakujaribu. Mezani alionyesha kwa kidole. Akiitwa alikuja, akiulizwa alitikisa kichwa. Shangazi alidhani ni mchezo, halafu akadhani ni ugonjwa, halafu akaanza kumtazama kila mtu mtaani kwa jicho la nani kamfanyia hivi mwanangu. Habari ya kunirudisha Misungwi ilisahaulika, maana nilihitajika pale karaini. Yule jirani mlokole aliwaleta wenzake wakaja kuomba. Walimkalisha Maduhu kwenye mkeka katikati ya sebule, wakamwekea mikono kichwani, na mimi nikaambiwa na mimi niweke wangu. Niliuweka. Nywele zake zilikuwa na joto. Waliliamuru pepo la ububu litoke, na mimi nilikuwa nimefumba macho nikijua pepo limo kwenye mfuko wa sketi yangu, limepasuka kioo, na linalia kila mtu anapoandika.

Ningesema. Neno moja tu, shangazi, ni mimi. Lakini ningesema ningekuwa nimesumbua. Nikaitikia amina.

Siku iliyofuata niliitupa simu kwenye shimo la choo. Nilingoja nijisikie mwema. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba ikishaondoka, yule Fisi naye ameondoka, na mimi nitabaki Kabula tu. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa hesabu alimkosea mwenzangu, nikiwa nimekaa kimya dawatini na mikono juu ya meza, nikasikia ubeti umekuja kichwani wenyewe, umepangika, unaanzia pale palipo na udhaifu wa yule mwalimu. Hapo ndipo nilipoogopa. Simu ilikuwa shimoni.

Mwisho wa muhula shangazi alimpeleka Maduhu ng'ambo, Sengerema, kwa ndugu za marehemu baba yake, labda hewa ya kule ingemsaidia. Waliondoka asubuhi kwenda Kigongo kuvuka ziwa kwa kivuko. Mimi niliachwa na karai. Maduhu alipokuwa anafunga begi aliniwekea mezani kichwa cha sangara, ameshakitoa mifupa midogo, na hakunitazama.

Watu wa umri wangu tunapenda kusema kwamba kule mitandaoni watu wanavaa sura bandia. Mimi nimechoka na maneno hayo. Kwa sasa kazi yangu ni kujibu malalamiko ya wateja kwa maandishi, saa nane kwa siku, na kila siku natukanwa na watu ambao nina hakika wametoka kuwapa wazee wao shikamoo kwa heshima zote. Siwachukii. Ninawajua. Wengine matusi yao yametungwa vizuri mpaka natamani kuwaambia. Sura niliyoivaa mimi ilikuwa ile ya kupiga goti uani. Yule Fisi alikuwa ni mtoto aliyekuwa na hasira na mama yake, na baba yake, na shangazi yake, ambao wote watatu hakuthubutu kuwagusa, akamng'ata mtu pekee aliyekuwa karibu na asiyeng'ata. Nimejieleza hivyo miaka mingi, na nimechoka pia kumtafutia yule mtoto sababu.

Kwa hiyo siku ile ya harufu ya mapanki, nilipofika nyumbani sikupika. Nilikaa kitandani na viatu nikamwandikia Maduhu. Namba yake ninayo siku zote. Ni fundi wa injini za mitumbwi sasa, ana familia, shangazi anaishi kwake. Krismasi tunasalimiana, naandika mimi, naye anajibu kwa ujumbe wa sauti, maneno mawili. Hajawahi kuniandikia kitu. Nilimwandikia yote, ule ubeti, na nyuma ya choo, na maombi, na kwamba nilikuwa najua kwa nini alinyamaza. Nilimwomba radhi. Ilikuwa ndefu, niliituma bila kuisoma tena.

Alijibu kesho yake mchana nikiwa kazini. Sauti, dakika saba. Nilitoka nje kwenye ngazi nikaisikiliza. Kigugumizi bado kipo, kizito kama zamani, lakini hakuwa na haraka; alipokwama alisubiri, nyundo ya mtu ikigonga chuma nyuma yake, kisha akaendelea. Alisema amepokea. Alisema ule ubeti ulikuwa mzuri, na kama ungekuwa wa mtu mwingine angeucheka. Alisema alitaka kunijibu siku ile, alikuwa na mistari yake, ila aliona nimesimama nyuma ya choo na uso wangu ulivyokuwa, akashindwa.

"Ile ilikuwa ya nyumbani, Kabula," alisema. "Wewe ulikuwa unaniona, na mimi nilikuwa nakuona. Kinachonikosesha raha mimi ni yule mwingine. Furu Mdogo."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena jina. Aliendelea kueleza, taratibu, kama anayedhani nakumbuka. Mtoto wa Ukerewe, alisema, darasa la nne au la tano kwa anavyokadiria. Aliingia kwenye kundi kabla ya mambo yetu yale. Hakujua kupigana, kila siku alikuwa anaomba askari, anaomba ukuta, anauliza mnafanya nini, mmekula nini. Kundi likamchoka. Nilimtungia siku tatu mfululizo, na maneno alinipa yeye, Maduhu, alikuwa anakuja pale nilipokaa ananiandikia kwenye daftari, kwa sababu yeye alijua panapouma. Siku ya tatu mtoto aliandika, naombeni nibaki, hata kama sishambulii, nitakuwa naangalia tu. Tukacheka. Maduhu akamtoa. Baadaye alipokuja kuimbwa yeye, ndipo alipomtafuta amwombe radhi, na jina halikuwepo tena.

"Mimi umeniomba, nimepokea," alisema mwishoni, na hilo alilisema bila kukwama. "Yeye tutamwomba wapi?"

Nimeisikiliza sauti ile mara nyingi tangu siku hiyo, na nimejaribu kumkumbuka Furu Mdogo, hata neno moja aliloandika. Sina. Maduhu nimemkumbuka kila siku kwa sababu nilimwona akisoma. Ila kuna ubeti ninao kichwani, wa mgeni aliyekuja kuomba moto tukampa, akaja kuomba chumvi tukampa, leo tunampa mlango, auchukue na asiurudishe. Niliwahi hata kuuimba kwenye harusi ya rafiki yangu, watu wakapiga makofi. Miaka yote hii nilikuwa nadhani ni wa babu.